Maswali ya Wasomaji: Utani Unapotoka Ukumbini

SWALI: Ndugu mchekeshaji, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro. Mjukuu wangu hunionyesha kwenye simu video fupi za wachekeshaji wa jukwaani, na mara nyingi namsikia mtu akisemwa kwa kabila lake, kwa unene wake au kwa umaskini wake, huku ukumbi mzima ukiangua kicheko. Sisi tulikua na utani, tena utani mkali, lakini haukutuacha na uchungu wa namna hii. Je, ni ninyi mliobadilika, au ni sisi wazee tuliochoka kucheka?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nakushukuru kwa swali hili, kwa kuwa ndilo linalonisumbua kila ninapoandaa kichekesho kipya, na siamini hata kidogo kwamba wazee mmechoka kucheka.

Utani uliokulea ulikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa popote, lakini kila mtu aliyajua. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha vizazi vyao vikawa watani. Wazaramo na Wanyamwezi nao walikutanishwa na misafara ya biashara iliyotoka bara kwenda pwani. Msibani mtani aliweza kuigiza mwendo na sauti ya marehemu, hata akazuia mazishi mpaka apewe chochote, na wafiwa hawakuwa na ruhusa ya kukasirika. Lakini mtani huyohuyo alishika jembe kusaidia kuchimba kaburi, na siku msiba ulipobisha hodi kwake, wale aliowatania walifika na wao wakamlipa vilevile. Nani anaweza kumtania nani, wapi, na kwa jambo gani, yote yalieleweka, na aliyetaniwa alikuwa na haki ya kujibu.

Ukumbi wa vichekesho, ukiendeshwa vizuri, unakaribia sana hali hiyo. Aliyekata tiketi amekuja kwa hiari yake, ananitazama usoni, na nikivuka mpaka atanyamaza, nao ukimya wa ukumbi ni adhabu ambayo kila mchekeshaji anaijua. Nikitaka kumtania mtu wa mstari wa mbele, kwanza namwuliza jina na kwao ni wapi, naye hunijibu, na mara nyingi jibu lake huwachekesha watu kuliko maneno yangu yote. Sasa mtu mwingine anarekodi, anakata mazungumzo yale, anabakiza sentensi yangu moja na kicheko, kisha anairusha mitandaoni. Yule aliyetaniwa amepotea pamoja na jibu lake. Anayeipokea akiwa Morogoro, Mombasa au Muscat hakuwa na sisi na wala hakuombwa ridhaa. Kwa hiyo, Mwalimu, katika baadhi ya video hizo mjukuu wako amekuonyesha nusu tu ya utani.

Hata hivyo, sitaki kuitupia simu lawama yote. Wapo wenzangu ambao siku hizi huandaa kichekesho wakiifikiria ile video fupi tangu mwanzo, na matusi ndiyo njia ya mkato, kwa sababu kumcheka mtu mnene au mlemavu hakuhitaji kumfahamu wala kufikiri. Mtu huyo hana zamu ya kujibu, na pasipo zamu ya kujibu, hapo hapana utani. Hilo nalipinga waziwazi, na vijana wanaoniomba ushauri huwaambia hivyohivyo.

Maisha ya leo, kwa kweli, yametupa vichekesho vingi visivyomdhalilisha mtu. Tazama kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Unaingizwa humo bila kuulizwa, na harusi yenyewe ni ya mtoto wa mtu mliyefanya naye kazi zamani. Kila alfajiri, kabla hata ya salamu, mweka hazina anabandika orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, baki. Jina lako linakaa pale mbele ya watu usiowajua, nawe unaanza kuogopa kuweka picha ya chakula cha jioni, wasije wakasema hela ya kuku ipo ila ya mchango haipo. Kichekesho hiki nilikijenga juu ya mweka hazina na ukali wake, nikamwacha mdaiwa, kwa sababu ukumbini wadaiwa ni wengi na baadhi yao wana shida za kweli. Watu hucheka kwa nguvu, na karibu kila mara hutokea mweka hazina mmoja akanyoosha mkono kujitetea, nami humpa kipaza sauti.

Ukali nao una mahali pake. Nchini Kenya, vijana watatu wa Redykyulass, yaani Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, walimwigiza Rais Moi kwenye televisheni akiwa bado madarakani, katika miaka ya mwisho ya utawala wake uliokoma mwaka 2002. Walimlenga mtu mwenye uwezo wote wa kujibu, na Wakenya waliokuwa wamezoea kulitaja jina lake kwa kunong'ona wakamcheka hadharani sebuleni kwao. Kichekesho kikali cha namna hiyo nakiheshimu sana.

SWALI: Kaka, ndiyo kwanza naanza kuchekesha jukwaani hapa Mwanza. Je, nirushe video zangu mitandaoni, au nizifiche mpaka niwe na jina?

JIBU: Rusha, mdogo wangu, kwa sababu wanaotafuta mshereheshaji wa harusi au wa hafla ya kampuni wengi watakujulia huko, na kazi hizo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba wakati tiketi hazijauzika. Ila chagua mwenyewe cha kurusha, na kama umemtania mtu, acha jibu lake lisikike hata kama video itarefuka. Kichekesho ambacho bado unakijaribu kisitoke ukumbini. Mwombe mwenye onyesho awatangazie watu mapema kwamba usiku huo hakuna kurekodi. Na kabla hujapokea malipo ya awali, hakikisha mkataba unataja nani anaruhusiwa kurekodi, nani atahariri, na kwamba utaonyeshwa video kabla haijarushwa.