Kukausha Gari Baada ya Kuosha: Maswali Yenu na Majibu

Nina IST nyeusi na naiosha mwenyewe kila Jumamosi. Jua likiipiga naona mikwaruzo midogo ya mviringo kwenye boneti. Taulo langu ndilo baya?

Huenda taulo halina kosa. Kinachokwaruza ni punje ya mchanga iliyobaki kwenye bodi, na wewe unaikandamiza kwa kitambaa na kuiburuta. Klia, ile rangi angavu ya juu inayolinda rangi yenyewe, kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu, yaani chini ya unene wa unywele wa kichwani. Gari jeusi linaonyesha kila kitu. Jeupe lina mikwaruzo ileile, ila haionekani kirahisi.

Kabla ya kushika kitambaa, inama uangalie sehemu ya chini ya milango, nyuma ya matairi na chini ya bampa ya nyuma. Ukiona utando wa vumbi bado upo, rudi kwenye sabuni. Hakuna ufundi wa kukausha utakaookoa gari ambalo halijatakata.

Likishatakata, punguza maji bila kuligusa. Toa kichwa cha kunyunyizia kwenye mpira wa maji, fungua bomba kiasi, kisha acha maji yatiririke taratibu kuanzia juu ya paa. Maji yanayotoka kwa nguvu yanatawanyika na kuacha matone kila mahali. Yanayotoka polepole yanashikana, na yanapoteremka yanaondoka na matone mengi. Ukiwa umepaka waksi miezi ya karibuni, utaona boneti inabaki karibu kavu.

Hapo ndipo taulo linaingia. Likunjue lote, litandaze juu ya boneti, subiri kama sekunde 5 linyonye, kisha lishike pembe mbili ulivute kuelekea kwako kwa mwendo mmoja ulionyooka. Usizungushe mkono, usikandamize. Anza na paa, halafu vioo (kwa kitambaa chake), boneti, buti, na nusu ya juu ya milango. Nusu ya chini na bampa zina taulo lao, na taulo hilo halirudi juu hata kama bado ni kavu. Likidondoka chini, liweke kando hadi lifuliwe. Kulikung'uta hakutoi mchanga ulioingia kwenye nyuzi.

Kwa gari jeusi tunashauri jambo moja zaidi: puliza waksi ya maji mara mbili au tatu kwenye kila sehemu ikiwa bado ina unyevu, ndipo upitishe taulo. Inafanya kitambaa kiteleze badala ya kukwama.

Niko Kigamboni, natumia maji ya kisima yenye chumvi. Nikikausha vizuri namna gani, bado kuna madoa meupe.

Doa hilo ni chumvi na madini, hasa kalisi na magnesi, yaliyoyeyuka ndani ya maji. Tone likikauka, maji yanaondoka na madini yanabaki. Kuchemsha hakusaidii kwenye maji ya chumvi, na chujio la kawaida la kunasa tope halitoi kitu kilichokwisha kuyeyuka.

Osha kwa maji hayohayo ya kisima, lakini suuza ya mwisho ifanye kwa maji yasiyo na chumvi. Lita 10 hadi 15 kwenye ndoo ya kumwagilia maua zinatosha gari dogo. Maji ya mvua ni mazuri, ilimradi hukuyakinga yale ya kwanza yanayosomba vumbi la bati. Maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi nayo yana madini machache sana. Yakinge kwenye ndoo safi na uyachuje kwa kitambaa.

Pia usiache sehemu yoyote ijikaushe yenyewe. Osha kabla ya saa 2 asubuhi au jioni, kivulini. Weka kiganja kwenye boneti: kama huwezi kukituliza hapo kwa sekunde 5, bodi ina moto mno, na maji yatakauka kabla hujafika. Siku ya joto fanya upande mmoja kwanza, usuuze, ukaushe, ndipo uhamie mwingine.

Madoa ya leo hutoka ukiosha tena. Ya wiki kadhaa yanahitaji siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika 1 au 2 bodi ikiwa baridi, suuza kwa maji mengi, kisha osha kwa shampuu ya gari. Usiiache siki ikaukie hapo, na isikae kwenye alumini isiyo na rangi. Itaondoa waksi pia, kwa hiyo paka upya. Ukipitisha kucha ukahisi kishimo, doa limeshaila klia. Hilo ni la fundi wa kupiga polishi, na kusugua kwa nguvu kutaongeza hasara.

Ninunue taulo gani?

La maikrofaiba lenye nyuzi ndefu za kujisokota, sentimita 60 kwa 90, uzito wa gramu 500 au zaidi kwa mita ya mraba. Moja linatosha gari dogo. Gari kubwa kama Noah au Prado linataka mawili. Kwa gari lolote, ongeza vitambaa vidogo viwili vya sentimita 40 kwa 40 vya vioo na chini. Kata lebo, na ukatae lenye pindo la uzi mgumu. Ukitaka kulijaribu, lisugue mgongoni mwa CD ya zamani: likiacha mistari, lisiguse gari.

Kile kitambaa kilaini kama ngozi kinachouzwa kwenye kopo refu la plastiki kinanyonya maji sana, lakini hakina manyoya ya kuficha punje ya mchanga. Inabaki katikati ya kitambaa na rangi. Kitumie kwenye vioo. Fulana kuukuu tuiache kabisa, ina mishono.

Kijana anayeniosheaga gari anatumia kifutio cha mpira kwenye bodi yote. Ni sawa?

Hapana. Kwenye vioo sawa. Kwenye bodi punje moja ikinasa ukingoni mwa ule mpira inachora mstari kutoka mwanzo hadi mwisho wa mlango. Mwombe pia asifute bodi kwa mafuta ya taa ili ing'ae: yanaacha utando unaokamata vumbi.

Je, nikiendesha tu upepo ulikaushe?

Vumbi la barabarani litaganda kwenye maji, na mikwaruzo utaipata safari ijayo ya kuosha. Likaushe kwanza. Kisha ndiyo, tembea mita mia kadhaa taratibu, ukikanyaga breki mara tatu nne, ili diski zikauke. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa unayoiona kwenye diski baada ya kuosha ni ya kawaida, inatoka hapohapo.

Kioo cha mbele kinabaki na michirizi, usiku taa za magari zinaniumiza macho.

Taulo lililokwisha lowa kwenye bodi limebeba waksi na sabuni. Kioo kipe kitambaa chake. Kikamue, futa, kisha rudia na kingine kikavu kabisa. Nje futa wima, ndani futa mlalo. Michirizi ikibaki utajua iko upande gani. Safisha na mpira wa waipa. Mara nyingi ndio unaorudisha uchafu.

Na kama taulo halinyonyi tena, angalia unavyolifua. Dawa ya kulainisha nguo inafunika nyuzi, na taulo linabaki kusukuma maji. Sabuni ya maji kidogo, maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 40 za Selsiasi, bila jiki, bila kulichanganya na nguo za pamba. Anika kivulini pasipo vumbi.

Nikimaliza tu, maji yanachuruzika tena kutoka kwenye vioo vya pembeni.

Yamejificha nyuma ya kioo, kwenye vitasa, taa za nyuma, grili na nati za rimu. Blowa ndogo, yaani mashine ya kupuliza hewa, inayatoa yote; bila blowa, piga kifuniko cha kioo cha pembeni kwa kiganja mara kadhaa, kisha ufute. Fungua milango, boneti na buti, futa kingo zake na mpira wake, na hakikisha vitundu vya kutolea maji chini ya milango havijazibwa na tope. Kwa magari ya Pwani, Tanga au Unguja, hapo ndipo kutu huanzia. Acha milango wazi kivulini kwa dakika 10 kabla ya kufunga.