Muuguzi amejiuzulu kabla ya kikao: je, tumripoti Barazani?

SWALI: Assalaam alaykum, wakili. Mimi ni katibu wa hospitali binafsi hapa Tanga mjini. Tukikagua daftari la dawa zinazodhibitiwa, tulikuta muuguzi wa zamu ya usiku amesaini pethidini, dawa kali ya sindano ya maumivu, kwa mgonjwa aliyeruhusiwa asubuhi ya siku ileile. Tulipomwita kwenye kikao cha nidhamu, akaleta barua ya kujiuzulu. Mkurugenzi anataka tumpe barua nzuri, yaishe. Nasikia ameshapata kazi Muheza. Tukimripoti, si atatushtaki?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Hayajaisha. Alichoacha ni ajira yenu. Leseni ya uuguzi bado anayo, na mkurugenzi wako siye aliyeitoa. Leseni ni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya mwaka 2010, na Baraza ndilo lenye mamlaka ya kuchunguza, kuonya, kumsimamisha au kumfuta mtu kwenye rejista. Mkinyamaza mmeshaamua kwa niaba ya Baraza, na pia kwa niaba ya akina mama wanaojifungua Muheza watakaohitaji sindano ya maumivu usiku wakiwa mikononi mwa mtu huyo.

Ujanja wa kuwahi kujiuzulu unajulikana. Kule Ontario, Kanada, sheria ya wataalamu wa afya ya 1991 inamtaka mwajiri aripoti ndani ya siku 30 anapomfukuza mtaalamu kwa kukiuka maadili ya taaluma, na hata pale alipokusudia kumfukuza lakini mhusika akajiuzulu kwanza. Ndiyo hali yenu hasa. Ushauri wangu: fanyeni vivyo hivyo bila kungoja kusukumwa. Matroni wenu naye ni muuguzi, na maadili ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi yanamtaka achukue hatua mwenzake anapohatarisha wagonjwa.

Kuhusu kushtakiwa, kila kitu kiko kwenye namna ya kuandika. Usiandike "ameiba pethidini". Andika: tarehe fulani, saa fulani, ampuli moja imesainiwa kwa jalada namba fulani, na fomu ya kuruhusiwa inaonyesha mgonjwa aliondoka asubuhi. Ambatisha nakala, daftari halisi lifungiwe. Sema wazi kwamba kikao hakikufanyika na mhusika hajajieleza. Jina la mgonjwa lifiche. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na barua iende kwa Msajili wa Baraza peke yake. Mganga mfawidhi akiirusha kwenye kundi la WhatsApp, hapo ndipo mtakapojitafutia kesi ya kuchafua jina la mtu.

Cheti cha utumishi ni haki yake kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mpeni, kiseme kazi aliyofanya na tarehe. Barua ya kumsifu uaminifu, nakusihi, msiisaini kabisa.

Ampuli iliyopotea ni suala la polisi pia, maana pethidini ni dawa inayodhibitiwa kisheria. Siku nyingine likitokea la namna hii, msimamisheni mtu kazi kwa mshahara kamili wakati mnachunguza, mkimpa angalau saa 48 za kujiandaa kwa kikao. Kanuni za ajira za 2007 zinaruhusu.

Tena mpigieni simu. Ikiwa anajidunga pethidini mwenyewe, basi ni mgonjwa, na akikubali kutibiwa, jambo hilo nalo liandikwe kwenye barua ya Baraza.