Vijana wa duka na tangi la matumbawe: waanzie wapi?

SWALI: Kaka, heshima kwako. Nina duka la wanyama wa kufuga nyumbani hapa Mikocheni. Miaka yote tumeuza ndege, chakula cha mbwa na samaki wa maji baridi. Mwezi uliopita niliweka matangi mawili ya maji ya chumvi, ya samaki wa matumbawe, maana wateja wanauliza kila siku. Vijana wangu watatu ni wachapakazi, lakini samaki wanakufa dukani, na tuliowauza wanakufa nyumbani kwa watu kabla ya wiki kwisha. Nataka kuwapa mafunzo ya wiki mbili. Nianzie wapi? Na je, naweza kumtuma kijana mmoja akachukue matumbawe machache pale kisiwani Mbudya wajifunzie, maana ya kuagiza nje ni ghali?

JIBU: Dada, wiki mbili hazitoshi. Vijana wako wanaweza kuelewa upesi, ila bakteria hawaharakishwi. Tangi jipya la maji ya chumvi kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kabla halijaweza kubeba samaki. Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Hao wote huota juu ya mawe na mchanga, polepole. Kwa kuwa umesema matangi yako ni ya mwezi uliopita tu na yaliwekwa samaki mapema, hapo ndipo ninapoangalia kwanza. Leo jioni pima amonia na nitriti. Zote mbili zinatakiwa ziwe sifuri. Kama si sifuri, simamisha mauzo ya samaki wa chumvi mpaka zishuke.

Baada ya hapo wape vijana tangi la tatu, la lita 100 hivi, lisilo na samaki, liwe lao. Waweke mawe makavu, mchanga na maji ya chumvi, kisha watumbukize kipande cha kamba mbichi kioze. Kila asubuhi mmoja wao apime na kuandika kwenye daftari: joto, chumvi, amonia, nitriti, nitrati. Wataona amonia ikipanda kisha ikishuka, nitriti ikifuata njia hiyohiyo, na nitrati ikibaki. Kijana aliyeyaona hayo kwa macho yake, kwa mwandiko wake, hatapata shida kumweleza mteja kwa nini asubiri. Nimefundisha kwa karatasi na kwa ubao, na sijaona kinachoingia kichwani kama daftari hilo.

Wakati tangi linasubiri, wafundishe chumvi, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi waliozoea maji baridi huteleza. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo moja ya maji, na kwenye kipimo cha uzito wake ukilinganishwa na maji matupu huonyesha kati ya 1.025 na 1.026. Nunua refraktomita, yaani kifaa cha kupima chumvi ya maji, uirekebishe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35. Kuirekebisha kwa maji matupu pekee kunaweza kuiacha ikidanganya huko juu kwenye kipimo unachokihitaji. Kisha wape hesabu hii waifanye wenyewe: tangi la lita 200 lenye chumvi 35 likipoteza lita 4 kwa siku kwa kukauka, baada ya siku tano limebaki na lita 180. Chumvi haijakauka pamoja na maji, kwa hiyo sasa imefika karibu 39. Kwa hiyo maji yanayokauka hufidiwa kwa maji matupu, kila siku, wala si kwa maji ya chumvi. Niliwahi kuingia duka moja hapa mjini nikakuta kijana anajaza tangi kwa maji ya chumvi kila asubuhi, kwa nia njema kabisa. Matumbawe yalikuwa yamejikunja yote.

Maji hayo matupu yatoke kwenye mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando wa kuchuja, yenye hatua ya mwisho ya kuondoa madini, na kipima madini kisome sifuri au karibu na hapo. Maji ya bomba yana klorini, na visima vingi vya mwambao wetu vina chumvi na madini ambayo huwezi kuyakisia. Kuhusu kuchota maji ya bahari yenyewe, inawezekana, lakini si ufukweni karibu na mito na mifereji, na si wakati wa masika ambapo mvua huleta uchafu na kupunguza chumvi kando ya pwani. Kwa duka linaloanza, ningechagua chumvi ya kuchanganya. Lita 20 za kubadilisha kwa wiki kwenye tangi la lita 200 zinataka gramu 700 na zaidi kidogo, na kila mchanganyiko unapimwa kabla ya kumwagwa.

Joto ni somo la pekee kwa Dar. Matumbawe huishi vizuri kati ya nyuzi 24 na 27. Ndani ya nyama yake mna mwani mdogo sana unaoyatengenezea chakula kwa mwanga, na maji yakizidi joto kwa siku kadhaa matumbawe huutoa mwani huo na kubaki meupe. Mwaka 1998 jambo hilo lilitokea kwenye miamba mingi ya pwani ya Tanzania. Januari dukani kwako, taa na pampu zikiwaka, maji yatapita nyuzi 30 bila mtu kugundua. Feni inayopuliza juu ya maji hupoza kwa kuyakausha, lakini hewa yetu ina unyevu mwingi, hivyo msaada wake ni mdogo, na maji ya kufidia yanaongezeka. Kama kweli unataka kuuza matumbawe, weka bei ya mashine ya kupoza maji kwenye bajeti tangu mwanzo.

Na umeme ukikatika, kinachotangulia kuua ni ukosefu wa oksijeni. Kila kijana ajue pampu ya hewa ya betri ilipo na aiwashe ndani ya dakika chache, kabla ya kuhangaika na jenereta. Wafanyishe zoezi hilo mchana, kwa kuzima swichi kuu bila kuwaambia.

Alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi), kalsiamu na magnesiamu wafundishe mwishoni. Kwa sasa inatosha wajue namba: alkaliniti 8 hadi 11 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu 400 hadi 450 na magnesiamu karibu 1,300 kwa miligramu kwa lita, na kwamba kuyumba kwa namba ni kubaya kuliko namba kuwa chini kidogo.

Usalama wao usiuache. Baadhi ya matumbawe laini ya jamii ya zoanthidi yana sumu kali sana iitwayo palitoksini. Glavu na miwani ni lazima wakiyakata au kuyashika, na jiwe lenye matumbawe hayo lisichemshwe kamwe, kwa sababu mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitali. Dawa za shaba nazo zikae mbali na tangi la matumbawe. Zinatibu ugonjwa wa madoa meupe kwa samaki aliye kwenye tangi la karantini, lakini huua matumbawe, kamba na konokono.

Kwenye mauzo, kijana aulize kabla hajashika wavu: tangi lako lina umri gani, lita ngapi, nani yumo? Ajue kwamba kitatange wengi, pamoja na uzuri wao, hula matumbawe, na kwamba kangaja wanahitaji tangi kubwa. Jibu likiwa "nimelinunua jana", amuuzie mteja mawe, chumvi na vipimo, amwandikie tarehe ya kurudi. Mpe kijana sehemu ya faida kwenye vifaa hivyo, la sivyo ataendelea kukimbilia kuuza samaki.

Kuhusu Mbudya, usimtume mtu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, na kung'oa matumbawe huko ni kosa la jinai. Hata yale ya kuagiza, matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo yanatakiwa kuja na kibali kutoka nchi yanakotoka. Mwagizaji akisita kukuonyesha kibali, usinunue kwake. Kwa kujifunzia hamhitaji matumbawe magumu. Tangi la vijana likishatulia, nunua vipande viwili vya matumbawe laini yaliyooteshwa matangini. Yanavumilia makosa ya wanaoanza, na yakijikunja kijana afungue daftari kwanza aone ni namba ipi iliyohama.