Asiyekufa na alama za vidole

Ndugu, umeuliza kama mhusika wako asiyekufa anaweza kuishi Tanga leo bila kushtukiwa. Kuhama si tatizo. Zamani angetoka Ngamiani akaenda Pangani, akabadili jina, yakaisha. Kinachombana ni vidole. Siku hizi laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole, na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Wakala anasoma 19400312, anainua macho, anamwona kijana mbichi. Ataeleza nini? Ajiandikishe upya kwa jina jingine? Vidole ni vilevile. Na majirani usiwasahau, hasa bibi zetu wa barazani, wanaokumbuka nani alizikwa lini. Mimi ningemfanya mvuvi huko Sahare, pwani ya Tanga, simu awe anaazima.