Maswali ya wakamuaji: alizeti, maganda na meli za mawese

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wenye viwanda vya mafuta ya kula, wa Kanda ya Kati na wa Pwani. Nazijibu chache.

Mashine ya kukamua alizeti ni shilingi ngapi?

Swali hili hurudi kila msimu, na kila msimu mwulizaji hataji ukubwa wa mashine, idadi ya magunia atakayokamua kwa siku, wala kama umeme wa njia tatu umefika kwake. Jamani, andikeni hayo kwanza, kisha nendeni ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la Serikali la kuhudumia viwanda vidogo. Mimi nakuuliza jambo moja tu: mwezi wa Januari mbegu utaitoa wapi? Viwanda vidogo vingi vya Singida na Dodoma hukamua miezi michache baada ya mavuno, halafu hufunga milango. Mashine hulala, mkopo haulali.

Tunasafisha mawese Dar es Salaam. Mwaka 2022 mzigo ulikwama, kwa hiyo sasa tunanunua Indonesia na Malaysia. Tumejikinga?

Hapana, ndugu zangu. Tarehe 28 Aprili 2022 Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese duniani, ilizuia kuyauza nje ili yashuke bei kwa wananchi wake. Zuio liliondolewa 23 Mei. Kwa siku hizo zote mteja aliyefungiwa Indonesia alikuwa akibisha hodi Malaysia, pamoja na wewe. Tena mafuta ya alizeti ya Ukraine yalikuwa yameadimika tangu vita vya Februari. Kuwa na wauzaji wawili wa zao lilelile, kutoka pande zilezile za dunia, kunakupa ankara mbili tu. Na sehemu ya michikichi ya mawese hayo imepandwa palipokuwa na misitu ya Sumatra na Kalimantan, hukohuko Indonesia.

Kinga yenu iko Singida, Dodoma na Simiyu, mikoa ambayo Serikali iliipa kipaumbele katika kilimo cha alizeti. Fungeni mkataba na vyama vya ushirika kabla ya kupanda, si wakati wa kuvuna. Wekeni ghala hukohuko, mbegu iingie ikiwa imekauka vizuri, maana mbegu mbichi huvunda na mafuta yake huchacha. Mtambo wenu nao utahitaji nyongeza: mafuta ya alizeti yana nta, na yasipopoozwa na kuchujwa yatafanya ukungu kwenye chupa wakati wa baridi, mteja adhani mmechakachua.

Sasa niseme msiloniuliza. Wasafishaji wengi hushangilia ushuru wa mafuta ghafi ya kula ya nje unaposhushwa. Nafuu hiyo inamvunja mkulima wa alizeti: bei inaanguka, mwaka unaofuata anapanda zao jingine, na siku meli isipofika hakuna shamba la kukimbilia. Unafuu wa mlaji ninautaka, lakini usijengwe kwa kuua mbegu iliyo mlangoni petu.

Boila yetu inatumia kuni. Tukishapata kibali cha misitu, tumemaliza?

Mmemalizana na sheria. Mti haujarudi. Singida ni nchi kavu, mgunga ukikatwa leo hauoti kesho, na mwenye lori la kuni atakwambia mwenyewe kwamba kila mwaka anakwenda mbali zaidi. Hiyo nayo ni malighafi inayokatika, ila inakatika kimyakimya.

Mna kuni nyingine ndani ya gunia. Ganda ni kama robo ya uzito wa mbegu ya alizeti, na likiwa kavu joto lake linakaribia la kuni kavu, kilo kwa kilo. Tatizo ni kwamba wengi wenu mnakamua na maganda yote, yakaishia kwenye mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka. Wekeni mashine ya kubangua kabla ya kukamua. Msiyatoe yote, maana kinu kinahitaji ganda kidogo ili kiishike mbegu. Toeni sehemu kubwa. Mtapata nishati ya boila, na mashudu yenye protini nyingi zaidi ambayo wafugaji wa kuku watayalipia vizuri.

Tahadhari: maganda ni mepesi na vumbi lake hushika moto haraka. Yatunzeni mbali na boila, tanuri lirekebishwe na fundi anayejua, na zamu ya usiku isiachiwe mtu mmoja. Nimeona ghala likiteketea kwa cheche moja, na sitaki kuona jingine.

Naweza kupanda tena mbegu ya chotara niliyovuna?

Hapana. Kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza. Nunua mpya, na ukague lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu nchini, kabla hujalipa.

Mafuta ya kwenye madumu kando ya barabara ya Singida ni salama?

Alizeti yenyewe ni nzuri, kinachoyaharibu ni jua. Dumu linalopitisha mwanga likikaa mezani juani, mafuta huanza kuchacha hata kama yalikamuliwa karibuni. Nawaomba akina mama na vijana wanaouza pale: wekeni moja la kuonyesha, mengine yakae kivulini. Nawe msafiri, omba lililotoka ndani, fungua kifuniko, nusa kwanza.