Kukanusha ulazima kwa Kiingereza: "mustn't" na "don't have to"

Swali: Ninafundisha Kiingereza kwa watu wazima wanaoanza. Huandika "You mustn't pay" wakikusudia kwamba malipo si ya lazima, na kuwasahihisha hakujasaidia. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu mpendwa, kosa hilo lina mantiki yake, na ni vyema kuielewa kabla ya kulisahihisha. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba "must" ni "lazima" huongeza "not" akitarajia kupata "si lazima"; kumbe katika "must not" ukanushi hauugusi ulazima hata kidogo, bali huliangukia tendo, kwa hiyo maana yake ni kwamba ni lazima usilipe, yaani umekatazwa kulipa. Katika "don't have to" kinachokanushwa ni ulazima wenyewe: si lazima ulipe, lakini ukitaka kulipa hakuna anayekuzuia.

Kwa hiyo usianze na orodha ya vitenzi visaidizi. Andika ubaoni "You mustn't open the window" na "You don't have to open the window", kisha kwa kila sentensi uliza swali moja tu: nikilifungua dirisha, nitakuwa nimevunja agizo? Jibu likiwa ndiyo, hilo ni katazo. Likiwa hapana, ni hiari. Rudia swali hilo katika kila zoezi hadi wanafunzi wajiulize wenyewe bila kukumbushwa. Nalisisitiza kwa sababu mtu anayesoma maelezo ya dawa, akidhani kwamba "You must not drive" inamwachia uamuzi, anaweza kuhatarisha maisha yake na ya wengine.

Katika sentensi yakinishi tofauti ni nyepesi zaidi. "Must" mara nyingi hubeba msimamo wa msemaji mwenyewe, ilhali "have to" huelekeza kwenye kanuni au mazingira, ingawa katika mazungumzo huingiliana sana. Wanaoanza wasilemewe nayo. "Should", ambayo ni ya ushauri, inaweza kusubiri.

Kinachohitaji muda ni wakati uliopita, kwa kuwa "must" ya wajibu haina umbo lake na huazima "had to". Hapo ndipo ile tofauti ya ukanushi hujitokeza tena: hiari huwa "didn't have to pay", lakini katazo hulazimika kubadili maneno kabisa na kuwa "wasn't allowed to pay". Fundisha jozi hii pamoja, baada ya ile ya wakati uliopo kukomaa.