King'ora cha Nyumbani: Kilie kwa Dakika Ngapi?

Jirani alinipigia simu saa nane usiku, nikiwa safarini, kuniambia king'ora cha nyumba yangu kinalia. Alipopiga tena saa kumi na moja alfajiri kilikuwa bado kinalia, na katikati ya maneno yake nilimsikia mtoto wake mchanga naye akilia. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kuomba radhi.

Mwizi hakuwepo. Dirisha la sebuleni lilibaki wazi kidogo, upepo ukawa unapeperusha pazia mbele ya sensa ya mwendo. Nilifika nyumbani saa tisa alasiri nikakuta kimya. Umeme ulikuwa umekatika muda mfupi baada ya ile simu ya pili, king'ora kikaendelea kunyonya betri mpaka ikaisha. Kibao cha namba kilikuwa cheusi tii. Nyumba niliyoifungia alamu ilikuwa imeshinda bila ulinzi wowote, na kilichouondoa ulinzi huo ni king'ora chenyewe.

Chanzo kilikuwa tarakimu mbili. Kwenye paneli yangu, yaani kile kisanduku kinachoendesha alamu nzima, muda wa king'ora ulikuwa umewekwa 00, nami nikadhani ni sifuri. Kitabu cha maelekezo kilisema 00 maana yake ni kulia hadi mtu azime. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, soma kitabu cha paneli yako: nyingine huhesabu kwa dakika, nyingine kwa sekunde, na ukikosea hapo, 10 uliyoikusudia iwe dakika inakuwa pumzi mbili tatu tu.

Hesabu ya betri ni rahisi. Paneli nyingi za nyumbani hutumia betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 7. King'ora kinachovuta ampea 1 kitaimaliza kabla ya saa 7, na betri iliyozeeka haifiki hata nusu ya hapo. King'ora hichohicho kikilia dakika 10 kinatumia chini ya ampea-saa 0.2. Betri inabaki karibu nzima, na sensa zinaendelea kufanya kazi hata umeme usiporudi usiku huo.

Sasa dakika ngapi? Kazi ya king'ora ni kumshtua aliyeingia na kumwamsha aliye karibu, na kazi hiyo humalizika mapema sana. Mwizi atakayekimbia, atakimbia ndani ya dakika ya kwanza. Jirani atakayechungulia, atachungulia katika zile dakika chache za mwanzo. Baada ya hapo majirani wanaanza kuzoea, na jirani aliyezoea king'ora chako hatatoka siku mwizi atakapokuja kweli. Kiwango cha Ulaya cha alamu za wizi, EN 50131, kinataka king'ora kilie si chini ya sekunde 90 na si zaidi ya dakika 15. Uingereza mwongozo wao wa miaka mingi ni kwamba king'ora cha nje kijizime ndani ya dakika 20. Mimi cha nje nimekiweka dakika 10, cha ndani dakika 3. Cha ndani nimekifupisha kwa sababu ya masikio ya walio ndani: NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inahesabu kwamba sauti ya desibeli 100 isizidi dakika 15 kwa siku, na ving'ora vingi vinapita hapo ukiwa umesimama karibu. Taa ya kumulika ya nje, acha iendelee mpaka utakapozima alamu. Inakula umeme kidogo kuliko king'ora na inamwonyesha anayekuja ni nyumba ipi.

Nilidhani nimemaliza. Wiki iliyofuata king'ora kililia dakika 10, kikanyamaza, kikalia tena 10, kikanyamaza, kikalia tena. Buibui alikuwa ametanda utando juu ya lenzi ya sensa ya ukumbini, na kila alipopita alamu ilianza upya. Ndipo nikajua kuna mpangilio wa pili unaokwenda sambamba na wa dakika: idadi ya mara ambazo sensa moja inaruhusiwa kuliza king'ora katika kipindi kimoja cha kutegwa, yaani toka unapowasha alamu hadi unapoizima. Mimi nimeweka mara 3. Zikishatimia, sensa hiyo inapuuzwa mpaka utegue na kutega upya, ila nyingine zote zinabaki macho. Bila mpangilio huu, dakika 10 zako zinaweza kukesha.

Kuna na muda wa kuingia, yaani sekunde unazopewa kuzima baada ya kufungua mlango. Huu usiukisie. Nilimpa mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, mfuko mkononi, nikashika saa: toka mlango ulipofunguka hadi tarakimu ya mwisho, sekunde 38. Mpangilio ulikuwa 30. Kumbe kila alipokuja peke yake alikuwa anakimbizana na mashine, naye hakuwahi kuniambia. Sasa ni 45, na ni kwa mlango huo mmoja tu. Madirisha na mlango wa nyuma hayana subira, yakiguswa king'ora kinalia papo hapo. Muda wa kutoka, sekunde 60 zimetutosha.

Paneli nyingine zina pia kipengele cha kuchelewesha king'ora cha nje baada ya alamu kuanza. Kwangu ni sifuri, sioni sababu ya kumpa mwizi dakika za bure. Na kama paneli yako inashughulikia pia sensa za moshi, muda wa moto usiufupishe kwa hesabu hizi za wezi. King'ora cha moto kiendelee kulia.

Jambo ambalo hata fundi hakunigusia: king'ora cha nje mara nyingi kina betri yake na saa yake humo ndani, ili waya ukikatwa kiendelee kulia chenyewe. Saa hiyo haijui ulichoandika kwenye paneli. Tulipochomoa waya kujaribu, kilipita dakika 20. Fundi alipanda ngazi, akafungua kifuniko, akahamisha kijiti kidogo cha kuunganisha kwenye saketi yake, ndipo kikatii. Mwambie wako aangalie hapo.

Ukimaliza, toka kabisa kwenye menyu ya fundi, yaani sehemu ya paneli ya kubadilishia mipangilio hii, maana paneli nyingi zikiwa humo hazilindi chochote. Kisha jaribu kwa muda wote kamili, mchana, majirani wakiwa na habari, masikio yameziba. Mara moja umeme ukiwepo na mara moja swichi kuu ikiwa imezimwa. Mimi nilimwomba jirani yuleyule asimame barazani kwake na saa, mtoto akiwa matembezini na baba yake. Kilinyamaza dakika ya kumi barabara. Nilimtengenezea namba yake ya siri, ya kuzima tu, haiwezi kubadilisha kitu kingine, nikampa na ufunguo wa mlango wa mbele.